Kazi ya kwanza ya uprogramu: kila asubuhi nahisi leo ndiyo watajua sijui kitu. Wakuu mlivukaje?

#1 Nuru_wa_Sinza

Habari za humu wakuu.

Nimeajiriwa karibuni kama programa kwenye kampuni ndogo hapa Dar. Tunatengeneza mfumo wa shule kupokea ada kwa simu. Ni ajira yangu ya kwanza. Chuoni nilimaliza na GPA ya 4.1, mradi wa mwisho niliufanya mwenyewe na ulikubali mbele ya jopo. Usaili nilipita bila kubebwa na mtu. Kwa karatasi sina tatizo.

Tatizo linaanza nikikaa kwenye kiti. Nimekabidhiwa sehemu ya malipo. Kuna faili moja la PHP (lugha ya kuandikia programu) lina mistari zaidi ya elfu nne, halina maelezo hata ya kusingizia. Ndani yake kuna funksheni inaitwa lipa2_mpya na nyingine chini yake inaitwa lipa2_mpya_hii_ndiyo. Nikifika katikati nimeshasahau nilikotoka. Wakongwe wawili ninaokaa nao wanaelewana kwa nusu sentensi, mmoja anasema "ile ya Januari," mwingine anaitikia, kazi inaendelea. Mimi nimekaa kimya. Kikao cha asubuhi kila mtu anaeleza jana alifanya nini, na maneno yangu naanza kuyapanga nikiwa bado kwenye mwendokasi.

Juzi bosi kanisifu mbele ya watu kwa kazi niliyomaliza. Badala ya kufurahi nikawaza, huyu hajui kwamba nusu ya jibu nililitoa mtandaoni. Siku akijua je?

Naomba kuuliza: hali hii ni ya kawaida na inaisha, au ndiyo dalili kwamba fani hii siyo yangu? Na kwa waliopitia, nini hasa kiliwasaidia? Naombeni msiniambie "jiamini," nimeshaambiwa sana na haijanisaidia.

#2 Kibanda_Umiza

Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wakuu.

#3 Fundi_Ubungo

Kwanza hongera, wenzio tuna vyeti na tuko mtaani.

Dada, hili jambo lilishachunguzwa. Wanasaikolojia Dunning na Kruger walithibitisha mwaka 1999 kwamba mwenye uwezo hujiona hajui, na asiyejua ndiye hujiona anajua. Kwa hiyo ukijiona hujui, maana yake unajua. Lala usingizi wako.

#4 Daktari_wa_Data

Fundi_Ubungo nia yako njema, ila umechanganya mafaili.

Utafiti wa Justin Kruger na David Dunning wa 1999 ulifanyika Chuo Kikuu cha Cornell. Waliwapima wanafunzi kwenye mantiki, sarufi ya Kiingereza na uwezo wa kutambua kichekesho kizuri. Walichokiona ni kwamba waliopata alama za chini kabisa walijikadiria juu mno. Wale wa juu ni kweli walijishusha kidogo, lakini walijishusha kwa sababu walidhani na wenzao wanajua kama wao. Huwezi kuyageuza matokeo hayo yawe "ukijiona hujui, basi unajua." Wapo wanaojiona hawajui na kweli hawajui.

Anachoeleza Nuru kiko karibu zaidi na walichoandika wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes mwaka 1978 huko Marekani. Walizungumza na wanawake waliofaulu sana, wenye shahada na vyeo, ambao ndani yao waliamini wamebahatisha tu na kwamba siku moja watagundulika. Rudia kusoma aya yake ya kusifiwa na bosi. Sifa haikumtuliza, ilimzidishia hofu. Hapo ndipo penyewe. Mtu mwenye wasiwasi wa kawaida akisifiwa anapumua, huyu akisifiwa anaona deni limeongezeka. Baadaye Clance alitengeneza dodoso la maswali 20 la kupima hali hiyo. Ila tusimtishe dada wa watu, huu siyo ugonjwa. Haumo kwenye orodha ya magonjwa ya akili na hakuna daktari atakayekuandikia dawa yake.

#5 Mzee_wa_Seva

Naona mnambembeleza sana binti.

Mimi nimeanza kazi hii mwaka 2006. Nuru, sikiliza mwanangu. Unahisi hujui kwa sababu bado hujui, na hakuna aibu hapo. Chuo kilikufundisha kuandika programu yako wewe, kuanzia faili tupu, ya mistari mia chache, ukiwa na swali lenye jibu. Kazini unapewa programu ya watu watano, wawili wameshaacha kazi, mmoja yuko ughaibuni hapokei simu. Kusoma msimbo wa mtu mwingine ni ujuzi wake peke yake, na sijaona chuo kinachoutolea mtihani. Umeingia jikoni kwa mtu usiku, lazima uulize chumvi iko wapi. Haina maana hujui kupika.

Enzi zetu intaneti ilikuwa ya setilaiti, ya kupimiana. Nilikuwa nachapa kurasa za mwongozo wa PHP ofisini na kuzisoma kwenye daladala ya Mwenge. Ukikwama umekwama, mpaka mtu atokee anayejua. Mambo yalibadilika ilipotua EASSy, kebo ya intaneti ya baharini, mwaka 2009. Lakini ule ugumu ulitufanya tusome kwa kina. Ninyi mnapata jibu kabla swali halijaiva, halafu mnashangaa kwa nini halikai kichwani.

#6 Kebo_ya_Baharini

Shikamoo mzee. Marekebisho madogo: iliyotangulia ni SEACOM, Julai 2009, ikaunganisha Dar na Mombasa. EASSy ilianza kazi 2010. Mengine yote nakuunga mkono.

#7 Mzee_wa_Seva

Marahaba. Uko sahihi, SEACOM ndiyo ya kwanza. Asante.

#8 Mkisumu

Habari zenu watu wa Bongo. Mimi niko Nairobi, nimefanya hii kazi miaka kadhaa na sasa ndiye ninayepokea wageni kwenye timu.

Mzee ameeleza kusoma msimbo, ameeleza vizuri. Lakini mimi nalaumu ofisi. Mtu mpya anapewa faili la mistari elfu nne, hakuna karatasi ya kumwonyesha mfumo unaanzia wapi, hakuna mtu aliyeambiwa "huyu ni wako kwa mwezi mmoja," kisha tunamuuliza kama ana tatizo la kujiamini? Hapana. Hiyo ni kazi ambayo mwajiri hakuifanya. Mkimwambia ni hali ya akili yake, mmemwachia mzigo usio wake.

Nuru, nikuulize. Siku ya kwanza ulipewa nini? Kuna mtu alikaa nawe akakuonyesha malipo moja, tangu mzazi anabonyeza kwenye simu mpaka risiti inatoka?

#9 Nuru_wa_Sinza

Asanteni wote, shikamoo Mzee_wa_Seva.

Mkisumu, hakuna. Nilipewa laptopu, nywila na barua pepe yenye viungo vitatu, kimoja hakifunguki. Niliambiwa "ukikwama uliza." Na kweli ukiuliza wanajibu, siyo watu wabaya. Ila mmoja wao anajibu bila kugeuka, macho yako kwenye skrini yake, na mimi nimesimama nyuma ya kiti chake. Umri wake ni kama wa kaka yangu mkubwa, namwamkia asubuhi. Sasa nimsumbue mara ngapi kwa siku? Swali likishakuwa la pili naona bora nikae nalo mwenyewe. Kuna siku nilikaa na kitu kimoja tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, kumbe kilikuwa mstari mmoja kwenye faili la mipangilio ambalo halimo hata kwenye Git, mahali tunapotunza msimbo na historia ya mabadiliko yake.

#10 Mdadisi_Moro

Hapo ndipo tatizo lilipo. Siyo Clance wala siyo nani. Sisi tumelelewa mkubwa haulizwi maswali mengi. Darasani ukiuliza mara ya pili unaambiwa hukuwa makini. Nyumbani ukimuuliza mzee "kwa nini" unaonekana una kiburi. Kisha ukifika kazini unaambiwa programa mzuri ni anayeuliza. Mtoto atoe wapi hiyo tabia ndani ya wiki moja?

#11 Bi_Mkunazini

Assalaam aleikum. Mie mtu wa Unguja, niko Muscat, kazi yangu kupima mifumo kabla haijakwenda kwa wateja.

Mdadisi_Moro, hilo la malezi lipo lakini halitoshi. Mbona wavulana waliolelewa mtaa mmoja na mimi, skuli moja, wanasimama kikaoni wanasema "hii nitaimaliza leo" na hawaijui hata inaanzia wapi? Nimekaa vyumba ambavyo mwanamke ni mimi peke yangu. Nikikosea mimi, nakosea kwa niaba ya wanawake wote. Akikosea mwenzangu, kakosea yeye. Ukiishi hivyo kila siku lazima uanze kujihesabu maneno kabla hujayasema.

Daktari_wa_Data umemtaja Clance na Imes, na ni kweli wao walianza na wanawake. Ila yapo na ya baadaye. Mwaka 2021 Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey waliandika kwenye jarida la Harvard Business Review wakilipinga jambo hili hasa: kwamba tunawaambia wanawake wana kasoro ya kujiona wadogo, badala ya kutazama mahali pa kazi panapowafanya wajione wadogo. Mie niko upande wao.

Nuru mdogo wangu, uko na wanawake wengine hapo?

#12 Nuru_wa_Sinza

Dada yangu, yupo wa uhasibu. Upande wa programu ni mimi tu.

#13 Daktari_wa_Data

Bi_Mkunazini nakubali hoja, naongeza jambo moja. Clance na Imes wenyewe hawakusema chanzo ni kichwani tu, walitaja familia na matarajio ya jamii kuhusu wanawake. Na tafiti za baadaye ziliikuta hali hii kwa wanaume pia. Sisi wanaume huwa hatuianzishii uzi.

#14 Fundi_Ubungo

Hatuianzishii uzi, tunakwenda kuangalia mpira.

Nimepokea masahihisho mkuu. Ila mtaani tunafarijiana na Dunning na Kruger mwaka wa ngapi huu.

#15 Kiranja_Dodoma

Mnasahau lugha.

Shule ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, sekondari ghafla kila kitu Kiingereza, na wengi wetu tulivuka kwa kukariri. Sasa fungua nyaraka za fremuwaki yoyote, fungua ujumbe wa kosa kwenye terminali, ingia kikao ambacho mteja yuko nje ya nchi. Nimeona kijana anayejua jibu kabisa ananyamaza kwa sababu sentensi haijakaa sawa mdomoni. Kikao kinaisha, anajibu mwingine kitu kilekile, anasifiwa. Yule wa kwanza anarudi kwenye kiti akiwa ameamini yeye ni mjinga. Ukimuuliza kwa Kiswahili anakuelezea mfumo mzima mpaka unaelewa.

Pale kwetu tulijaribu kuendesha kikao cha asubuhi kwa Kiswahili. Watu waliokuwa wanasema "naendelea na ya jana" wakaanza kueleza mambo, tena kwa kirefu mpaka kikao kikawa kinachelewa kuisha.

#16 Mkisumu

Kiranja, hapo nakupinga kidogo. Kenya tunafundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne, na vijana ninaowapokea wana hofu ileile ya Nuru. Wanaongea Kiingereza kizuri na bado wananyamaza. Lugha inaweza kuongeza uzito, lakini siyo mzizi.

#17 Kiranja_Dodoma

Inawezekana kwenu mzizi ni mwingine. Mimi nasema nilichokiona Dodoma.

#18 Kijana_wa_Mabibo

Hakuna aliyegusa suala la akili mnemba. Nuru amesema nusu ya jibu alilitoa mtandaoni. Sisi tuliomaliza chuo baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022, shida yetu ni mpya kabisa. Naomba nieleze kwa sababu nadhani wazee hamuielewi. Naandika swali, linarudi jibu la mistari sitini, nalibandika, linafanya kazi. Kazi imeisha, bosi kafurahi. Mimi nimebaki sijui kama kuna kitu nimejifunza. Kila nikimaliza kazi nazidi kujiona mgeni. Nikikatikiwa bando nusu saa, sina changu. Hofu ya Nuru kwangu siyo ya kufikirika, ni hesabu halisi: ondoa mashine, mimi nabaki na nini?

#19 Mzee_wa_Seva

Kijana, umesema jambo zito na umelisema kwa ukweli. Lakini tofautisha vitu viwili. Stack Overflow, tovuti ya maprogramu kuulizana na kujibizana, ilipofunguliwa 2008, tuliambiwa hivyohivyo, kwamba tunabandika tu majibu ya watu. Waliobandika bila kusoma walikwama mwaka wa pili. Waliosoma kila mstari kabla ya kubandika ndio leo mnawaita wakongwe. Mimi kwenye timu yangu sikatazi mtu kutafuta jibu popote. Sheria ni moja, usiingize mstari ambao ukiulizwa unafanya nini huwezi kujibu. Mistari sitini? Kaa nayo. Futa mmoja mmoja uone nini kinavunjika. Badilisha aina ya data uone inalia wapi. Baada ya hapo ni yako, hata kama ilitoka kwa mashine.

Na Nuru, jibu lako ulilolitoa mtandaoni, ulijuaje kwamba ndilo? Kwenye kurasa kumi za majibu ulichagua moja, ukaliondoa lisilohusu, ukalivalisha mfumo wenu. Kuchagua huko ndiko unakolipwa.

#20 Kijana_wa_Mabibo

Kufuta mmoja mmoja sijawahi. Najaribu.

#21 Wakili_Kinondoni

Naingia pembeni kidogo kwa sababu naona mnaizungumzia hofu kana kwamba haina msingi wowote wa nje.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 35: masharti yanayomlinda mfanyakazi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu aliye na chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Mtu aliye kwenye muda wa majaribio ana sababu ya kweli ya kuhesabu maneno yake. Huwezi kumwambia "uliza tu, usiogope" wakati anajua kinga yake bado haijakamilika.

Ongeza na makato. Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nyumbani wamesikia "anafanya kazi ya kompyuta Dar," wanajua ana pesa. Akipoteza ajira hii, inaanguka nyumba nzima. Ukijumlisha hayo, kukosa usingizi siyo jambo la kushangaza.

#22 Mkisumu

Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka majaribio yasizidi miezi 6, na kuongezwa ni mpaka mfanyakazi akubali. Sisi HELB, bodi yetu ya mikopo ya wanafunzi, ndiyo wanatufuata. Wakili yuko sawa, pesa inabana koo kuliko msimbo wowote.

#23 Bi_Mkunazini

Wakili umesema kweli lakini umezidi kumtia hofu mtoto wa watu, wallahi. Nuru, umeajiriwa na watu waliokuona kwenye usaili, waliona kitu.

#24 Wakili_Kinondoni

Samahani dada Nuru. Nilitaka ujue kwamba hujaibuni hofu, ina mahali inapotoka.

#25 Nuru_wa_Sinza

Wala usijali, kwangu imesaidia. Mimi ni wa kwanza kuzaliwa kwetu, na la mkopo ni lilelile ulilosema. Nilikuwa nadhani mtu akiwa na roho ngumu asingewaza hayo.

#26 Mlinda_Seva_Arusha

Nuru, fanya kitu kimoja kesho. Fungua lile faili la mistari elfu nne, andika git blame na jina la faili. Itakuonyesha kila mstari nani aliugusa mara ya mwisho na tarehe gani. Tafuta lipa2_mpya_hii_ndiyo. Uje utuambie.

Na kwa wote mnaodhani wakongwe hawatetereki: Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ambayo maprogramu wengi duniani wanahifadhi msimbo wao kwake, alifuta hifadhidata ya seva ya laivu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Alipostuka na kusimamisha amri, zaidi ya GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba, na njia zote tano walizokuwa wanazitegemea hazikufaa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa 6 kabla. Walirusha urejeshaji wote YouTube, watu wakawatazama wakihangaika. Kampuni iliandika wazi tatizo ni mfumo wao, na hawakumtoa kafara mhandisi. Niliposoma ripoti yao kwa mara ya kwanza, nilikuwa mchanga kazini, nilijisikia nimetuliwa mzigo. Na wale walikuwa mabingwa hasa.

#27 Mdadisi_Moro

Mlinda_Seva, hao waliandika wazi kwa sababu ofisi yao inaruhusu. Hapa kwetu angetafutwa wa kuvaa kesi kabla data haijarudi. Tunarudi palepale kwa malezi.

#28 Mlinda_Seva_Arusha

Au palepale kwa Mkisumu, ofisi. Chagua.

#29 Nuru_wa_Sinza

Mlinda_Seva nimefanya.

lipa2_mpya_hii_ndiyo iliandikwa na yule kaka anayejibu bila kugeuka. Saa nane usiku, siku moja kabla shule hazijafunguliwa. Maelezo aliyoweka kwenye historia ni "naomba ikubali."

Nilikaa naangalia hiyo sentensi. Yule mtu ninayemwogopa alikuwa peke yake saa nane usiku akiomba ikubali. Mchana nikamuuliza ilikuwaje. Kwa mara ya kwanza aligeuza kiti. Alinieleza muda mrefu: wazazi walikuwa wanabonyeza kulipa, mtandao unakwama, wanabonyeza tena, mzazi anakatwa mara mbili, na mwalimu mkuu anapiga simu kwa bosi. Akaweka namba ya kumbukumbu moja kwa kila malipo ili ombi la pili lenye namba ileile likifika likataliwe. Ile ya kwanza hakuifuta kwa sababu kuna shule moja bado inaitumia. "Ile ya Januari" ndiyo hiyo.

#30 Kibanda_Umiza

Uzi umenoga.

#31 Mkisumu

Nuru, vizuri sana. Sasa hayo aliyokueleza yaandike. Karatasi ambayo hukupewa siku ya kwanza, iandike wewe, uiweke ndani ya mradi wenyewe. Mgeni ndiye pekee anayeona mahali pasipoeleweka, wenyeji wameshazoea. Na ukiiandika utasahihishwa, kila sahihisho ni somo ambalo hukulazimika kuliombea ruhusa.

Kitu kingine ambacho hakuna kitabu cha ng'ambo kitakufundisha, na wewe unakijua tayari kwa kuzaliwa hapa. Seva nyingi zinaandika saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, sisi tuko saa 3 mbele. Mzazi akilipa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1, hifadhidata inaandika saa nne usiku ya jana yake, na ripoti ya mwezi haiwezi kubalansi. Namba za simu: mmoja anaandika 07, mwingine 2557, mwingine +2557, na ukizihifadhi kama namba za hesabu ile sifuri ya mbele inapotea. Majina: mfumo ulioletwa kutoka nje unataka jina la kwanza na la mwisho, mtoto wa Tanzania ana matatu, na kwenye darasa moja wapo akina Juma wanne. Kagua mambo haya kwenye mfumo wenu. Nina hakika utakuta moja halijakaa sawa.

#32 Daktari_wa_Data

Nakubaliana na Mkisumu kwenye karatasi. Sikubaliani kwamba hii inafuta hoja yangu. Nuru anaweza kuandika karatasi nzuri kuliko zote, asifiwe, na usiku aseme amebahatisha. Wapo wenye miaka kumi kazini na bado wako hivyo. Ujuzi unaongezeka, hofu inahama nao. Ndiyo maana nashauri aandike pia alichofanya kila wiki, kwa tarehe, mahali pake binafsi. Siku moyo ukikataa, anasoma maandishi yake mwenyewe.

#33 Mzee_wa_Seva

Mimi bado nasema ujuzi ukiingia hofu hupungua. Haiishi yote, lakini hupungua. Nimeona vijana wengi wakivuka.

#34 Bi_Mkunazini

Na uliowaona wakiacha kazi je mzee? Hao hawakurudi kukusimulia.

#35 Mzee_wa_Seva

Hilo ni kweli. Sikuwahi kuwahesabu.

#36 Fildi_Mbeya

Samahani kwa kudandia uzi wa mtu. Mimi niko fildi kwenye ofisi moja, upande wa mifumo. Nyie mnalalamika kupewa kazi kubwa, mimi sipewi kazi yoyote. Natumwa kutoa kopi na kufunga printa. Nitaanza ajira nikiwa na hofu maradufu. Nifanyeje?

#37 Mlinda_Seva_Arusha

Printa nazo zina mambo yake, usizidharau. Mfuate anayehudumia watumiaji, umwombe akugawie malalamiko ambayo hakuna anayeyataka. Ripoti inayochelewa kufunguka, fomu inayokataa majina yenye ritifaa kama ng'. Hayo hayana mwenyewe, hakuna atakayekunyang'anya.

#38 Fildi_Mbeya

Fomu ya ng' ipo kweli, watu wa akina Ng'wandu wanateseka nayo. Msimbo wenyewe siruhusiwi kuuona lakini.

#39 Mkisumu

Omba kusoma tu, bila ruhusa ya kubadilisha. Hiyo huwa hawakatai haraka. Unatumia lugha gani huko?

#40 Fildi_Mbeya

Java. Na kuna kitu cha zamani cha Visual Basic ambacho hakuna anayethubutu kukigusa.

#41 Mzee_wa_Seva

Visual Basic 6 au ile ya .NET? Njoo inbox, ninayo miongozo.